Siku Wanawake wa Susuni Walipomnyamazisha Mkutubi

Mwalimu Bhoke, shikamoo.

Najua ungeitikaje. Usingesema "marahaba" ukaishia hapo kama watu wengine. Ungesema, "Marahaba, umekula?" na kama sijala ungenifukuza nikale kwanza, ndipo nirudi na maneno yangu. Basi jua kwamba nimekula. Nimekula kwa wifi yako Mama Matinde, hapa hapa Susuni, ugali wa mtama na muhogo na maziwa ya kibuyu, na sasa nimekaa nje ya nyumba ya kaka yako, mahali ambapo kaburi lako naliona bila hata kugeuza shingo. Kuku wa Mama Matinde wamepafanya pale ni pao. Nimewafukuza, wamerudi, nimewafukuza tena, wamerudi na vifaranga. Nimewaacha. Kukaa peke yako hukuwahi kupenda.

Nimekuja na habari, na ni njema, kwa hiyo usinikunjie uso. Ningependa kukwambia mwisho wake sasa hivi, maana unanichoma moyoni kwa furaha, lakini nakusikia kabisa: "Rhobi, matokeo bila mbinu ni umbea." Haya. Naanza mwanzo.

Ulipoondoka, somo lako la mbinu za utafiti lilibaki pale idarani kama mtoto wa marehemu. Kila mtu anamhurumia, hakuna anayemchukua. Mmoja akasema ana wanafunzi wengi wa shahada ya kwanza, mwingine akasema mgongo unamsumbua. Wanafunzi wa uzamili wa ukutubi na sayansi ya habari wakawa wanakuja darasani, wanakaa, wanaangaliana, wanaondoka. Mimi niliyekuwa nabeba mikoba yako miaka yote hiyo nikaenda kwa mkuu wa idara nikamwambia nalichukua. Bado ni yule yule, anatembea na mwavuli hata kiangazi.

Akafurahi. Halafu akasema, "Somo chukua. Lakini ile safari ya Tarime ilikuwa ya Bhoke. Siku hizi dodoso unalituma kwa simu, mtu anajibu akiwa kitandani kwake. Nendeni mwaka huu, iwe ya majaribio. Mkirudi, wanafunzi watasimama mbele ya idara nzima. Nisipoona kitu ambacho simu isingeweza kuniletea, safari inakufa."

Inakufa! Neno hilo hilo alilitumia, Mwalimu, na udongo wako hata majani haujashika. Mimi Mkurya wa Nkende unanijua, hasira yangu haihitaji kupuliziwa. Nilitoka ofisini kwake bila kuaga. Nikakumbuka kwamba hukunilea hivyo, nikarudi, nikaaga, nikatoka tena.

Lakini nilipofika nje nilikaa kwenye ile ngazi na nikaogopa. Wewe ndiye uliyeianzisha ile wiki ya kuwatoa wanafunzi kwenye viti na kuwaleta huku kwenu, wakakae na watu wa Tarime na Serengeti, wajue kwa macho yao mtu asiye na maktaba anatafutaje habari anayoihitaji. Watu wakikutaja wanaitaja safari. Nikasema moyoni, nikishindwa hii, nitakuwa nimemzika Mwalimu mara mbili. Nikatoa simu nikupigie unishauri. Kidole kilishafika kwenye jina lako. Nililia pale ngazini mpaka mlinzi akaniletea maji ya kunywa, kisha akasimama kando akijifanya anatazama mawingu.

Basi. Kilio kimepita, tuendelee.

Somo la kwanza nilifanya kama wewe: niliwafukuza. "Tokeni nje. Nendeni kantini, kaeni, msimuulize mtu swali lolote, mrudi mniambie watu wanatafuta nini na wanamuuliza nani." Wakaganda. Mmoja akaniuliza hilo lipo ukurasa wa ngapi. Ningekuwa wewe ningecheka mpaka nishike ukuta. Mimi nilisema "Toka!" na sauti ikatoka kali kuliko nilivyokusudia, wakatoka wote mbio, na walirudi na mambo, Mwalimu! Walikuwa wamegundua kwamba chuo kizima kinamuuliza mama wa chapati tarehe za mitihani, na ubao wa matangazo uko pale pale nyuma yake.

Wawili nikutajie, maana hao ndio utakaokutana nao mpaka mwisho. Wa kwanza ni Zuhura, binti wa Morogoro, akili kama wembe. Kwake kitu kisichoingia kwenye kompyuta hakijatokea. Wa pili ni Mzee Lusekelo wa Mbeya, mkutubi wa shule za sekondari tangu nywele zake zikiwa nyeusi, kaja kuchukua uzamili wakati wenzake wanahesabu mafao. Mwalimu, sijaona mtu mtulivu kama yule. Viatu vyake havilii. Kikohozi kikimbana anatoka nje, anakohoa, anarudi. Wanafunzi wakinong'ona darasani kwangu hata sihangaiki, yeye anageuka tu, kidole mdomoni, "Shhh," na darasa zima linazimika. Nilimpenda kwa hilo. Nilikukumbuka pia, siku ile mkutubi kijana, mwanafunzi wako mwenyewe, alipokuja kwenye meza yetu akitetemeka: "Samahani Mwalimu, naomba utoke, unacheka kwa sauti." Ukasimama, ukampa mkono wa pongezi kwamba kazi anaijua, kisha ukacheka njia nzima mpaka getini.

Tukasafiri. Tulianzia Mugumu, upande wa Serengeti, kwa sababu Zuhura aliomba apewe nafasi ya kuonyesha kwamba dodoso lake linatosha. Alikuwa amelitengeneza vizuri mno, siwezi kumnyima sifa yake. Watu wa sokoni wanapata wapi taarifa, wanasoma nini, mara ngapi. Nikamwambia, "Zuri. Ongeza swali moja tu: Je, unasoma jarida la Ng'ombe na Nyota?" Akaandika bila kuuliza.

Najua umeshaanza kucheka huko uliko. Ulikuwa mtego wako huo huo, kuchomeka kitu ambacho hakipo duniani. Nilibadilisha jina tu, nikijua lile la kwako limeshazoeleka.

Wakamaliza kuzunguka soko, jioni Zuhura akatukusanya kwenye ukumbi wa nyumba ya wageni, kompyuta mapajani, uso unang'aa. Akatuonyesha duara la rangi rangi. Karibu watu wote wa Mugumu wanatumia maktaba. Karibu wote wanasoma Ng'ombe na Nyota. Muuza vitunguu mmoja aliongeza kwa mdomo kwamba analisoma tangu zamani, ila siku hizi wamelipunguza kurasa. Zuhura akahitimisha kwa sauti ya kitaalamu: "Kwa hiyo tunashauri maktaba ya wilaya inunue nakala za kutosha."

Nilijaribu kujizuia. Niliangalia dari, niliangalia viatu vyangu. Nikamuuliza, "Zuhura, wewe umewahi kuliona hilo jarida?" Akafikiri. Akatazama duara lake, akanitazama mimi, na macho yakaanza kumjaa. "Mwalimu... halipo?" Nikamwambia halipo. Nikasogea, nikakaa karibu naye. Baadaye akauliza, kwa nini watu wazima wamdanganye? Nikampa jibu lako: hawakudanganya, wamekukaribisha. Umekuja kutoka mbali na kitambulisho shingoni, jua linakuchoma, unauliza kwa hamu, nani akwambie hapana? Hapana ni neno la ndugu. Mgeni anapewa ndiyo na kiti.

Akajifuta machozi, akacheka, kisha akafuta faili lote huku akisema "Ng'ombe na Nyota jamani, Ng'ombe na Nyota!" Tulilala tukicheka. Ila mimi nilikuwa na wasiwasi, maana mkuu wa idara angeliona lile duara, angelipenda sana.

Ikabaki Susuni. Kama Susuni isingetupa kitu, tungerudi mikono mitupu.

Mama Matinde alitukusanyia wanawake hapa hapa uwanjani, walipokuwa wakikaa na wewe. Wakaja kutoka mashambani na kila mmoja na kazi yake mkononi, huyu anapukuchua mahindi, huyu ananyonyesha, huyu anasuka mwenzake. Zamu ya kuongoza majadiliano ilikuwa ya Mzee Lusekelo. Alivaa shati la mikono mirefu, akawaeleza tumetoka wapi na kwa nini, akaomba ridhaa ya kila mmoja kama tulivyofundishana, akaweka kinasa sauti juu ya kigoda. Vizuri kabisa. Akauliza: "Mama zangu, mkiwa na jambo mnataka kulijua, mnamuuliza nani?"

Weee! Lilikuwa kama kufungua zizi. Wote kwa mpigo, Kikurya, Kiswahili, huyu anamkata yule, yule anamcheka huyu, mmoja anasimama kabisa ili asikike. Nilisikia nywele zinanisimama kwa raha. Nikasema moyoni, Mwalimu, tumepona.

Na hapo hapo mkono wa Mzee Lusekelo ukapanda wenyewe. Kidole mdomoni. "Shhh."

Miaka yote ile ya maktaba, Mwalimu! Sidhani hata alijua kwamba amefanya. Mtu mwingine yeyote, daktari, bwana shamba, polisi, asingelifanya kosa hilo. Lilihitaji mkutubi.

Wanawake wakanyamaza kama wako kanisani. Mtoto akaondolewa kwenye titi akanyamazishwa naye. Mzee Lusekelo akashukuru, akarekebisha miwani, akaendelea na mwongozo wake, na wakaanza kumjibu mmoja mmoja kwa adabu: Tunamuuliza mwenyekiti. Tunamuuliza mtendaji. Tunasikiliza redio. Tunamuuliza mwenyekiti. Nilijua ninasikia Ng'ombe na Nyota nyingine, hii ya Susuni.

Ulimi uliniwasha. Nilitaka kuruka pale katikati nimwambie, mzee, umelifunga bomba! Lakini sheria yako ninayo: "Ukimwokoa mwanafunzi, umemnyang'anya somo." Nikameza mate mpaka nikashiba. Niliangalia kaburi lako na, nisamehe, nilikukasirikia kidogo, kwamba umeniachia sheria na hukuniachia moyo wa kuibeba.

Kikao kikaisha kwa makofi ya heshima. Chakula kikaletwa. Mzee Lusekelo alikuwa ameona kwamba mambo hayakwenda, ila hakujua wapi, alikaa na kinasa sauti chake mkononi kama mtu aliyeuziwa simu mbovu. Mama Matinde akammiminia maziwa ya kibuyu. Yale yaliyolala mpaka yakajua kusema, unayakumbuka. Akapiga funda kubwa la kistaarabu.

Mwalimu, yule mzee alipiga ukelele! "Yesu na Maria!" na akaruka kwenye kigoda, macho yametoka, mkono kifuani. Sijawahi kusikia sauti yake ikizidi mnong'ono.

Na Mama Matinde, wifi yako, bila hata kutabasamu, akasimama mbele yake, akainua kidole, akakiweka mdomoni taratibu. "Shhh, mura."

Mura! Mzee mwenye wajukuu anaitwa kijana wa juzi! Uwanja wote ulipasuka. Wanawake waliangukiana mabegani, mmoja akamwaga bakuli lake, Zuhura alikuwa amelala chini kabisa. Nilimtazama Mzee Lusekelo nikiogopa ataudhika. Alikuwa amesimama na sharubu nyeupe za maziwa, anatutazama, na polepole nikaona amekielewa kile kidole. Akakiangalia cha kwake. Akasema, "Ala! Nimewafanyia hivi?" Wakajibu wote pamoja, kwa sauti ya kubomoa nyumba: "Ndiyooo!" Na hiyo haikuwa ndiyo ya kumpa mgeni.

Basi akacheka. Alicheka kwa sauti nene ya ajabu, alicheka mpaka akakaa chini kwenye udongo pamoja nao, na akaurudisha mwongozo wake wa maswali kwenye mkoba. Mama mmoja aliyekulia ng'ambo ya mpaka, kule kupita Sirari, akamwambia, "Mzee, wewe uko sawa, ni vile tu ulikuwa unatuweka kwa laini." Akajibu ni kweli, ameweka watu kwenye mstari maisha yake yote. Kisha akaomba, kama mtoto anavyoomba: "Hamkai kimya namna ile mkiulizana mambo yenu. Mnaulizania wapi?"

Wakatazamana. Mama Matinde akafunga kanga vizuri. "Mnataka kujua? Bebeni mahindi, twende tukasage."

Mashine tuliyoenda siandiki iko wapi. Hata kwako siandiki, ingawa wewe unaijua, na sasa naamini uliijua siku zote na ukatuacha tuitafute wenyewe. Foleni ya wanawake na madebe yao. Injini inanguruma mpaka meno yanacheza. Msagaji ni mtu wa kuja, alifuata dhahabu kama wengi akaishia kwenye unga, ana pamba masikioni na hasikii neno la mtu. Ukitaka kusema na mwenzako inabidi usogeze mdomo mpaka sikioni kwake, mkono kwenye bega. Na ukisogea hivyo, hakuna wa tatu anayesikia.

Hapo ndipo wanapoulizana, Mwalimu. Dawa ipi ya mifugo imepitwa na muda dukani. Mbegu ipi imewaangusha watu. Nesi yupi anapokea bila kufoka. Jinsi ya kupanga uzazi bila mama mkwe kujua. Na msimu wa kukeketa ukikaribia, mama mwenye binti anaambiwa sikioni ampeleke wapi asikeketwe, kwa nani, apite njia gani. Haya hayakuja kwenye kikao chetu, na yasingekuja kwenye simu hata tungetuma dodoso nchi nzima. Sisi wakutubi tumefundishwa kwamba habari inataka utulivu. Kule wanawake wameificha kwenye kelele, kwa sababu kwenye utulivu kuna mtu anasikiliza.

Kinasa sauti cha Mzee Lusekelo kilirudi na mngurumo mtupu, hakuna neno hata moja. Alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, unga umemjaa kichwani, wanawake wakipokezana sikio lake. Baadaye Zuhura alinishika mkono akasema, "Mwalimu, hii nitaiingiza safu gani?" Nikamwambia kwanza isikie, safu itakuja. Kumbe nimesema maneno yako. Uliniambia hayo hayo nikiwa na umri kama wake, tukitafuna mahindi ya kuchoma pale Nkende: usimpe mtu namba ya rafu kabla hujamsikia.

Njia ya kurudi chuoni walibishana vikali. Ripoti inataka jina la mahali, alisema Zuhura, la sivyo nani ataamini? Mzee Lusekelo akasema tukiandika mahali, wiki ijayo pamba itatolewa masikioni na mtu ataanza kusikiliza. Walibishana mpaka Zuhura mwenyewe akafuta jina la mahali kwenye kompyuta yake, kila lilipokuwa, na akatuonyesha. Nilitazama dirishani ili wasinione. Nilijisikia fahari kubwa.

Na siku ikafika. Idara nzima ukumbini, mkuu wa idara mbele kabisa na mwavuli wake. Zuhura akaeleza dodoso la Mugumu na Ng'ombe na Nyota bila kujionea aibu, watu wakacheka, lakini mkuu wa idara hakucheka, aliandika kitu. Kisha Mzee Lusekelo akasimama na vile viatu vyake visivyolia. Akasema, "Waheshimiwa, naomba muisikilize maktaba tuliyoikuta." Akabonyeza.

Injini! Kwenye spika za ukumbi! Madirisha yalitetemeka. Watu wakaziba masikio, wakatazamana, na akawaacha. Hakuzima. Ikaendelea, ikaendelea, mpaka wakaanza kuchoka, na nikaona wanaanza kusogeleana. Huyu anamwinamia yule, mkono begani, mdomo sikioni. Mkuu wa idara naye akamwinamia jirani yake.

Mzee Lusekelo akazima ghafla.

Ukumbi mzima ukabaki kimya, na katikati ya ule ukimya ikasikika sauti ya mkuu wa idara, peke yake, imesimama wima: "...na sambusa zikiletwa, mniwekee zile za nyama!"

Mwalimu. Mwalimu! Ulikosa. Ndicho kitu pekee ninachokudai, kwamba ulikosa siku ile.

Walipotulia, Mzee Lusekelo akasema kwa upole wake, "Mkuu, siri yako ilikuwa salama mpaka nilipozima." Halafu akawaeleza yote, kwa nini kelele, kwa nini pale, na simu isingepata nini. Nilimwangalia mkuu wa idara. Alikuwa ameacha kuandika, kalamu iko hewani. Mwishoni akauliza, na nilisikia kwamba anauliza kwa hamu ya kweli kama mwanafunzi: "Mashine hiyo iko wapi?"

Mzee Lusekelo akamtazama juu ya miwani. Akainua kidole taratibu, akakiweka mdomoni.

"Shhh."

Nilifikiri tumekwisha. Mkuu wa idara aliweka kalamu chini. Kisha akaanza kucheka, chini chini kwanza, halafu kwa sauti, akaniangalia mimi, akasema, "Huyu kafundishwa na Bhoke." Nikamwambia hawakuwahi kuonana. Akasema, "Ndicho ninachosema." Na pale pale mbele ya watu wote akatamka kwamba safari ya Tarime inaendelea, mwaka ujao na kuendelea, na kwamba naye angependa kuja akipata nafasi. Nikamwambia karibu, ila mwavuli auache.

Basi hiyo ndiyo habari, Mwalimu. Safari yako haijafa. Nilikuja mwenyewe leo kukwambia na kumwambia Mama Matinde, ambaye alisikiliza mpaka mwisho kisha akauliza kama sambusa za nyama zilibaki.

Ninakukosa. Nakukosa hasa kitu cha kuchekesha kikitokea, maana nageuka kukutazama kabla sijacheka. Huzuni kubwa nimeiweza kuliko hilo. Lakini leo hapa uwanjani nimecheka peke yangu, nikimsimulia wifi yako, na katikati nikasikia kicheko changu kinavyotoka, kirefu, kinapanda juu mwishoni. Mama Matinde akaacha kupepeta. Akasema, "Iko Bhoke hiyo." Sikujua kwamba nacheka kama wewe.

Sasa jua linashuka upande wa mahindi ya kaka yako na gari la kurudi mjini halingoji mtu. Nakuaga. Nakuahidi kitu kimoja. Kila mwaka nitakuletea kundi, wapya, waoga, wamejaa dodoso, na nitawakalisha hapa uwanjani karibu nawe wasikie watu wakiongea wote kwa mpigo. Atakayeinua kidole mdomoni nitamwacha akiinue. Wanawake wa kwenu watamfundisha.

Wengine wamekuandikia upumzike kwa amani. Mimi nakujua, ungechoka nayo mapema. Nimewaacha kuku hapo juu yako, na vifaranga wao, wakupigie kelele mpaka nitakaporudi.

Mwanafunzi wako,
Rhobi